Kompresa ya Celica ya 1991 imekwama: tafuta spea za AC kwa namba, si kwa jina la gari

Swali limetoka kwa msomaji wa Nakuru: "Nina Toyota Celica ya 1991, ST182, injini ya 3S-GE. Mwezi uliopita AC ilipiga kelele, belti ikaanza kutoa moshi, nikazima. Gereji mbili zimeniambia kompresa imekwama na kwamba spea za AC za gari hili hazipo tena Kenya, afadhali nikae bila. Fundi wa tatu anataka kunifungia kompresa ya lori. Sijui hata gesi iliyokuwemo ni ya aina gani. Nianzie wapi, na spea nitazipata wapi?"

Ndugu yangu, ukiingia dukani ukasema "nataka kompresa ya Celica ya tisini na moja," utajibiwa haipo, na muuzaji hatakuwa amekudanganya. Magari hayo ni machache nchini. Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane imefunga mlango kwa mengine kuja, na hakuna mwenye duka anayeweka rafuni kitu kitakachoulizwa mara moja kwa mwaka. Lakini kompresa yako haikutengenezwa na kiwanda cha Celica. Ilitengenezwa na Nippondenso, ambayo leo inaitwa Denso, na ndugu zake walifungwa kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo. Mambo ni hayohayo kwa draya (chupa ya kukausha unyevu kwenye gesi), valvu ya ekspansheni (inayopunguza presha ya gesi), swichi ya presha na oringi (pete za mpira za kuziba viungo). Kilicho cha Celica hasa ni maumbo ya paipu, breketi, na namna evaporeta (kipozeo cha ndani ya gari) inavyokaa ndani ya boksi lake. Vingine vyote vinatafutwa kwa namba au kwa vipimo.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha kilichokwama ni kompresa yenyewe. Kwenye gari hili puli huzunguka muda wote injini ikiwaka, ila kompresa huzunguka tu klachi inaposhika. Kwa hiyo kompresa iliyokwama haiwezi kuchoma belti AC ikiwa imezimwa. Kama belti inalia hata swichi ya AC ikiwa imezimwa, mgonjwa huenda ni bearingi ya puli, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Bearingi hizi zina namba ukingoni. Kwa mfano 35BD219 ni ya milimita 35 kwa 55 kwa 20, na duka lolote la bearingi mjini Nakuru litaisoma namba hiyo bila kuuliza ni gari gani. Sasa zima injini, shika sahani ya mbele ya klachi (ile iliyo katikati ya puli, si puli yenyewe) na uizungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa uzito wa wastani, sawasawa mzunguko mzima, kompresa ni hai. Ikigoma kabisa, au ikizunguka kwa kukwaruza, imekufa.

Tuseme imekufa. Swali linalofuata, ambalo gereji nyingi huliruka, ni kwa nini imekufa. Kompresa ya aina hii hulainishwa na mafuta yanayosafiri pamoja na gesi. Gesi ikivuja polepole mwaka baada ya mwaka, mafuta nayo huvujia hapohapo, na kila anayejaza huongeza gesi tu bila kuongeza mafuta. Siku moja alumini inasuguana na alumini. Hapo huondoka vumbi la kijivu au jeusi, likasukumwa hadi kwenye kondensa (kitoa joto kilicho mbele ya rejeta), draya na valvu. Ukifunga kompresa nyingine juu ya uchafu huo, hata iwe mpya kabisa, haitakaa. Fungua paipu ya kutokea kwenye kompresa, ingiza kitambaa cheupe ndani, kisha uangalie rangi. Mafuta ya manjano au ya kijani hafifu ni habari njema. Yakiwa meusi yenye chembe zinazometameta, jiandae kubadilisha zaidi ya kompresa.

Sasa namba. Ubavuni mwa kompresa kuna kibandiko au bamba la chuma. Futa uchafu kwa dizeli kidogo na brashi laini, usiukwangue kwa bisibisi. Utaona jina la aina, kama 10PA15C au 10PA17C, na namba ndefu ya Denso inayoanza na 447. Herufi 10P maana yake ni silinda kumi, yaani pistoni tano zenye vichwa viwili kila moja. Namba ya mwisho huelekeza ukubwa: 10PA15 husukuma sentimita za ujazo 155 kwa mzunguko mmoja, na 10PA17 husukuma 178. Hizi mbili ni za ukoo mmoja, lakini usidhani zitabadilishana bila kupima.

Toyota nao wana namba zao, na hapa kuna siri ambayo wauza spea wanaijua ila hawaifundishi: tarakimu tano za mwanzo hutaja kifaa, tano za mwisho hutaja gari. Kompresa nzima ni 88320. Klachi yake ni 88410. Kondensa ni 88460, evaporeta 88501, valvu ya ekspansheni 88515, draya 88471, swichi ya presha 88645, na amplifaya ya AC (kisanduku cha kuidhibiti kompresa) 88650. Ukiwa na namba ya fremu ya gari lako, ile iliyopigwa kwenye ukuta wa injini, muuzaji mwenye katalogi ya Toyota atakupa tarakimu tano za mwisho kwa kila kimoja. Kisha fanya kinyume: tafuta namba nzima mtandaoni uone ni magari gani mengine yaliyotumia kifaa kilekile. Hapo ndipo milango hufunguka. Celica ya T180, kizazi cha gari lako, ni pacha wa Carina ED na Corona EXiV za wakati huo, na injini za ukoo wa 3S zilifungwa kwenye Camry, Caldina, Ipsum, Noah za kwanza na RAV4 za kwanza, magari ambayo bado unayaona kila siku kati ya Nakuru na Njoro. Si kila kompresa ya RAV4 itaingia, lakini utakuwa unatafuta katika mamia ya magari, si katika Celica tatu.

Unapolinganisha kompresa ya zamani na unayotaka kununua, tazama mambo haya kwa mpangilio huu, kwa sababu la kwanza likikataa hakuna haja ya kuendelea:

Masikio ya kufungia: umbali kati ya matundu, na kama skrubu hupita moja kwa moja au huishia ndani.
Puli: idadi ya mifereji (4PK maana yake mifereji minne, 5PK mitano), kipenyo chake, na umbali wa mfereji wa kwanza kutoka kwenye masikio. Tofauti ya milimita tatu hapa italiza na kula belti.
Mdomo wa paipu: uko nyuma au juu, na skrubu zake zimekaa vipi.
Nyaya: waya mmoja wa klachi, au waya huo pamoja na mbili nyembamba.

Hizo nyaya mbili nyembamba zimewatoa jasho mafundi wengi. Ni za sensa ya mzunguko iliyomo ndani ya kompresa. Amplifaya hulinganisha mzunguko wa injini na wa kompresa. Ikiona kompresa imebaki nyuma, inadhani imekwama, inakata klachi ili kuokoa belti, na taa ya swichi ya AC inaanza kupepesa. Baadhi ya Toyota za miaka hiyo zinayo, baadhi hazina. Kama yako inayo na ukanunua isiyo nayo, AC itawaka sekunde chache, itazima, taa itapepesa, na fundi atakwambia gesi ni kidogo. Utajaziwa gesi mara tatu bure. Belti ikiwa legevu nayo huleta kupepesa kulekule, kwa hiyo kaza belti kwanza kabla ya kulaumu sensa.

Mahali pa kununua. Kwa iliyotumika kutoka Japani, Nairobi ndiyo yenye wingi, hasa Kirinyaga Road na Grogan. Huna haja ya kusafiri. Piga picha nne za kompresa yako juu ya meza safi, rula ikiwa kando: mbele, nyuma, ubavu wenye bamba, na masikio. Tuma kwa WhatsApp kwa wauzaji watatu au wanne, pamoja na namba ya 447 na ya 88320. Atakayekujibu "iko" bila kukutumia picha ya aliyo nayo, mwache. Mzigo hufika Nakuru siku hiyohiyo kwa basi au matatu ya parseli, na wa Kisumu hupokea asubuhi yake. Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba kifaa kisichoingia kitarudishwa, na mwandikie masharti hayo kwenye ujumbe, sio kwa mdomo.

Kompresa iliyotumika ikifika, ijaribu mezani. Milango yake iwe imezibwa kwa vifuniko. Iliyokaa wazi imeshavuta unyevu na vumbi. Zungusha sahani ya mbele: iwe laini mzunguko mzima. Ziba milango yote miwili kwa vidole gumba huku mtu anazungusha. Mmoja usukume kidole, mwingine ukivute. Mimina mafuta yake kwenye chupa ya kioo: yawe angavu. Weka umeme wa betri ya volti 12 kwenye klachi. Isikike ikishika kwa mlio mmoja mkavu. Ukiwa na mita, upinzani wa koili uwe kati ya ohm 3 na 4 hivi.

Hapo ndipo namfikia fundi wako wa lori. Malori yanayopita barabara kuu kuelekea Malaba yanatumia volti 24. Koili ya klachi ya volti 24 husoma zaidi ya ohm 10, na ukiipa volti 12 hupata robo tu ya nguvu yake, basi itateleza, itapata moto na kuungua. Wazo lake si baya lote, ila lazima koili au klachi nzima iwe ya 12. Kama kompresa ya Denso imekosekana kabisa, mbadala wa kweli ni Sanden 7H15 ya volti 12: ujazo wake ni sentimita 155, sawa na 10PA15, na ni kompresa ya kawaida inayouzwa ikiwa mpya. Utahitaji breketi ya kuchonga na ncha za paipu mpya. Ile Sanden 508, yenye sentimita 138 na pistoni tano, utaipata kwa wauza spea za trekta na mashine za kuvunia, ambazo eneo la Rongai na Njoro linazo tele. Itafanya kazi, ila puli yake mara nyingi ni ya belti za umbo la V, si zile pana zenye mifereji mingi. Breketi ikichongwa, ichongwe kwa bamba la milimita 8 au zaidi. Bamba jembamba hutikisika, na kinachokatika kwanza huwa ni skrubu kwenye bloku ya injini. Hapo gharama ya AC itakuwa imegeuka gharama ya injini.

Kutoka nje ya nchi kuna njia mbili. Japani kuna minada ya mtandaoni ya vifaa vilivyotumika, na mawakala wanaonunua kwa niaba yako. Huko hata evaporeta na amplifaya za Celica hupatikana, kwa kuwa gari ni la kwao na usukani uko upande wetu. Marekani kuna maduka makubwa ya mtandaoni yenye vifaa vipya vya kampuni kama Four Seasons na UAC, kwa sababu Celica hizo ziliuzwa sana kule. Ila kumbuka Celica za Marekani zina usukani kushoto, na nyingi zilikuwa na injini za 5S-FE au 4A-FE. Draya, valvu, swichi na kondensa zinaweza kukubali baada ya kulinganisha namba. Paipu na boksi la evaporeta usithubutu. Jumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kubonyeza. Kifaa chepesi kama valvu kinalipa. Kompresa nzito mara nyingi hailipi.

Kuhusu gesi. Gari la 1991 lilitoka kiwandani na R12. Gesi hiyo hula tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zilifunga kabisa matumizi yake mwanzoni mwa 2010. Usiitafute. Tazama milango ya kujazia: ya R12 ina nyuzi za kufungia kifuniko kwa kuzungusha, kama valvu ya tairi iliyonona, ya R134a, gesi iliyochukua nafasi yake, ni laini, kifaa hunasa kwa kubofya, na ule wa presha kubwa ni mnene kuliko wa presha ndogo. Ukiona adapta imefungwa juu ya nyuzi, mtu alishabadilisha gesi huko nyuma, na huenda hakubadilisha kingine chochote. Hilo pekee linaweza kuwa ndilo lililoua kompresa: mafuta ya madini yaliyokuja na R12 hayachanganyiki na R134a. Yanatuama chini ya kondensa na evaporeta, na kompresa inakimbia kavu.

Kwa hiyo unapofungua sasa, fanya ubadilishaji wa haki. Mafuta ya Denso kwa R12 yaliitwa ND-OIL 6. Kwa R134a ni ND-OIL 8, ambayo ni PAG 46, mafuta ya sintetiki. PAG ni bora mfumo ukiwa umesafishwa kabisa na kompresa imemiminwa. Kama kuna mashaka kwamba masalia ya mafuta ya zamani yamebaki, tumia mafuta ya esta, POE, kwa sababu yanavumiliana na masalia hayo. PAG hunywa unyevu hewani kama chumvi, basi chupa iliyofunguliwa wiki jana na kukaa bila kifuniko usiikubali. Kiasi: mfumo wa ukubwa huu hutaka kama mililita 120 hadi 140 kwa jumla. Kompresa mpya mara nyingi huja na mafuta tayari, kwa hiyo soma karatasi yake. Iliyotumika imimine yote, pima, kisha weka mapya. Baada ya kufunga zungusha sahani kwa mkono mara kumi kabla ya kuwasha, la sivyo mafuta yaliyojaa silinda yatavunja valvu siku ya kwanza.

Draya ni lazima iwe mpya, haina mjadala. Ile ya R12 ina punje za kukausha za aina ya XH-5 ambazo R134a huzila. Tafuta iliyoandikwa XH-7 au XH-9. Ni kifaa kinachopatikana kirahisi kuliko vyote, kwa kuwa draya ya chupa yenye kioo juu ilitumika kwenye Toyota nyingi. Linganisha ukubwa wa ncha, upande wa kuingilia (umeandikwa IN), na kama tundu la swichi lipo. Usiivue vifuniko hadi dakika ya mwisho kabla ya kuvuta vakyumu (kunyonya hewa yote kwa pampu). Oringi zote zibadilishwe ziwe za HNBR, aina ya mpira, ambazo kwa kawaida ni za kijani, na uzipake mafuta ya kompresa kabla ya kuzikaza.

Kondensa ni hadithi ndefu kidogo. Ikiwa ya kwako bado ni ile ya zamani ya bomba moja linalokwenda na kurudi, inaweza kusafishwa kwa dawa ya kusukumia na naitrojeni, mara kadhaa, hadi kitambaa kitoke cheupe. Ikiwa ni ya mirija midogo iliyolala sambamba, haisafishiki: uchafu hujificha kwenye mirija ambayo dawa huiruka, kisha hutoka wiki moja baadaye. Iliyoingia chembe za chuma itupwe. Bahati ni kwamba kondensa hazihitaji kuwa za Celica. Zipo za jumla zinazouzwa kwa inchi, kimo kwa upana, kwa mfano 14 kwa 20, zenye ncha za oringi namba 8 na namba 6. Pima nafasi iliyo mbele ya rejeta yako, nunua kubwa kuliko zote inayoingia, na uchague ya mirija sambamba, kwa maana R134a hupanda presha kuliko R12 na inahitaji kondensa inayotoa joto vizuri zaidi. Mlango mkubwa, namba 8, ndio wa kuingilia na ukae juu. Mdogo ukae chini. Ifunge kwa breketi na raba. Zile kamba za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi huikata kondensa ndani ya mwaka mmoja wa barabara zetu. Ziba pengo la pembeni kati yake na rejeta kwa sponji, la sivyo feni itavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye kondensa.

Ukiwa Kisumu ongeza jambo moja: wadudu wa ziwani wanaoruka kwa mawingu hujaa kwenye mapezi na kuganda na vumbi. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo.

Valvu ya ekspansheni na evaporeta ziko nyuma ya boksi la glavu. Kwenye Toyota za enzi hizi boksi la evaporeta hutoka bila kuvunja dashibodi nzima: toa boksi la glavu, fungua paipu mbili kwenye ukuta wa injini, chomoa nyaya, vuta. Valvu huja kwa maumbo mawili, ya kona yenye bomba jembamba na balbu ya kuhisi joto, au ya bloku la mraba. Peleka ya zamani dukani mkononi. Hii haiagizwi kwa maelezo. Ikiwa ya balbu, balbu igusane na paipu ya kutokea kwenye evaporeta, chuma kwa chuma, kisha ifungwe kwa utepe mzito wa kuzuia joto. Ikining'inia hewani, itaachia gesi nyingi mno. Evaporeta iliyotoboka usiichome. Ukuta wake ni mwembamba, na kiraka kitavuja tena huku ukiwa umesharudisha kila kitu.

Kabla hujarudisha boksi hilo, tazama amplifaya, sanduku dogo la plastiki lenye nyaya nyingi. Zikishazeeka, risasi zilizoshika vipande vyake hupasuka nyufa ndogo, na AC ikawa inakata gari likipata joto. Fundi mzuri wa redio na televisheni atazichomea upya kwa saa moja. Ni kifaa kigumu kupata kuliko vyote katika orodha hii, basi usimruhusu mtu akitupe kwa kubahatisha.

Paipu za mpira zilizozeeka zinaweza kutengenezwa upya kwa kutumia ncha zako za chuma. Nakuru kuna mafundi wengi wa kubana hozi za trekta, lakini waambie wazi: hozi ya haidroliki haifai. Molekuli za R134a ni ndogo na hupenya mpira wa kawaida. Taka hozi ya AC yenye tabaka la nailoni ndani, na vibano vya chuma vya saizi yake.

Kuvuta vakyumu na kujaza ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Afadhali utafute fundi wa friji kubwa kuliko fundi wa "kujaza gesi". Mashamba ya maua ya Naivasha yana vyumba vya baridi, na Kisumu kuna biashara ya samaki na barafu. Mafundi wa huko wana pampu halisi, naitrojeni na mizani. Kwanza naitrojeni, psi 150, dakika 30, na maji ya sabuni kila kiungo. Oksijeni ya kuchomelea isikaribie mfumo huu, kwani ikikutana na mafuta chini ya presha hulipuka. Kisha vakyumu kwa dakika 45 hadi saa nzima.

Hapa kuna jambo la Nakuru ambalo limefanya pampu nzima nyingi zitupwe. Vitabu vinasema sindano ifike karibu inchi 29 au 30 chini ya sifuri. Hiyo ni Mombasa. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza kama inchi moja. Nakuru iko takriban mita 1,850, kwa hiyo vakyumu kamili hapa itasoma inchi 24 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130, kama 26. Sindano ikisimama kwenye 24 Nakuru, pampu haina kosa. Ikisimama kwenye 20, kuna tundu. Fundi mwenye mita ya maikroni (inayopima vakyumu kwa usahihi zaidi) aitumie, ifike 500 au chini, kisha afunge valvu na kuangalia robo saa kama inapanda.

Gesi yenyewe ipimwe kabla. Acha mtungi utulie kivulini usiku kucha, upime joto na presha yake ukiwa haujaunganishwa popote. R134a kwenye nyuzi 25 Nakuru itasoma karibu psi 85. Ikisoma 140, hiyo ni R22 ya friji iliyovaa nguo ya wenyewe. Kipimo hiki hakikamati mchanganyiko wa gesi za kupikia, kwa kuwa presha yake hukaribiana na R134a, na hiyo kwenye evaporeta inayopuliza miguuni mwako ni hatari ya moto. Basi nunua mtungi uliofungwa kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya friji, usinunue kikopo kisicho na jina.

Jaza kwa mizani, si kwa kutazama povu kwenye kioo cha draya. Kioo kile kilifaa kwa R12. Kwa R134a hudanganya, na anayekifuata hujaza kupita kiasi. Soma kibandiko chini ya boneti kinachotaja kiasi cha R12, uanze na asilimia 80 yake, usivuke 90. Kama kimeandika gramu 700, anza na 560, ongeza kidogokidogo hadi 630. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, milango ya gari wazi, feni ya ndani juu kabisa, na siku ya nyuzi 25 hivi, upande wa presha ndogo utarajie psi 25 hadi 35, na wa presha kubwa 180 hadi 230. Wa presha kubwa ukipita hapo, tazama kama feni zote za mbele zinazunguka, na kama zinavuta hewa kuelekea injini. Si ajabu kukuta mtu aligeuza nyaya za feni miaka iliyopita.

Nafasi ya klachi, kati ya sahani na puli, iwe milimita 0.35 hadi 0.65. Ikiwa kubwa, klachi itashika asubuhi na kukataa saa nane mchana koili ikipata joto. Hurekebishwa kwa washa nyembamba nyuma ya sahani, dakika kumi tu.

Kwa mfuko mdogo, mpangilio wa kununua uwe hivi: kompresa baada ya kuijaribu mezani, draya, oringi na mafuta, kisha kondensa kama kitambaa kilitoka cheusi. Valvu ukiifungua tu ibadilishe. Na ukiwa bado unasaka, usiache paipu wazi; ziba kila mdomo kwa mfuko wa nailoni na utepe. Kama belti ya kompresa ndiyo inayozungusha pia oltaneta, chomoa waya wa klachi uendelee kuendesha mradi bearingi ya puli ni nzima. Wenye Celica wengi Kenya huzishikilia kwa ajili ya Safari Rally, ambayo Celica zilishinda 1990, na tena kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995. Kwa hiyo waulize wenye ST185, Celica ya turbo, pia. Wengi wao walitoa AC kupunguza uzito, na kondensa, paipu na amplifaya bado ziko stoo.